Mita 140 kutoka kwa Mama Shiko

Kabla hujauliza, nikwambie mwenyewe: mimi ni mtu. Nina kitambulisho, nina kadi ya kupiga kura, na nina goti la kushoto linaloniuma kila mvua ikikaribia. Nayasema haya kwa sababu kwa muda wa miezi kumi na moja, kwa mujibu wa takwimu za jiji, nilikuwa sanamu.

Jina langu ni Waithira, lakini hapa mtaa wa Pioneer, Eldoret, hakuna anayelijua. Hapa mimi ni Mama Shiko. Nauza miche kwenye makutano, pale lami inapokutana na ile barabara ya vumbi inayoteremka kwenda shuleni. Nina sukuma, spinachi, matunda damu, avokado za kupandikiza na miti ya ua. Niko hapo tangu 2011. Kwa hiyo mtu akipotea huambiwa ashukie kwa Mama Shiko, na mzigo ukitumwa huachwa kwa Mama Shiko. Nimewahi kumsikia mtu akieleza kwa simu kwamba nyumba yake ni ya pili kutoka kwa Mama Shiko, nami nimesimama hatua mbili kutoka kwake namwagilia maji, na hata salamu sikupewa.

Watu hudhani jambo hilo huniudhi. Haliniudhi hata kidogo, na sababu nitaitoa sasa hivi ili tusisumbuane mbele ya safari. Shiko wangu alikufa. Alikufa Kinangop mwaka wa 2010, akiwa na miaka sita, kwa homa ya mapafu iliyoanza Jumatatu ikamaliza kazi Alhamisi. Tulimzika katika shamba la baba yake. Baba yake naye hakumaliza mwaka. Ndugu zake wakauza shamba, na aliyelinunua akapanda viazi. Nilirudi mara moja kuangalia, nikakuta mistari ya viazi imenyooka kutoka ua hadi ua, na sikujua nisimame wapi. Nikatoka hapo nikapanda gari la kwanza lililokuwa linaenda mbali. Eldoret, mtu wa kwanza aliponiuliza jina nikasema Mama Shiko, maana ndilo jina nililokuwa nalo.

Tangu hapo jina la mtoto wangu hutajwa kwenye makutano haya labda mara mia mbili kwa siku. Sina kaburi. Picha moja niliyokuwa nayo iliharibiwa na maji. Nina hilo jina midomoni mwa watu, basi.

Watu wa Pioneer sikuwaambia. Waliponiuliza Shiko yuko wapi nilisema yuko mbali, na huo si uongo. Lakini watu wa hapa hawawezi kuona pengo wakaliacha wazi. Kabla sijamaliza miaka mitatu, Shiko alikuwa katika shule ya bweni. Baadaye akapita mtihani wa kidato cha nne, na kwa alama nzuri. Mwishowe akawa Poland anasomea udaktari, na Mama Nanzala wa duka la unga akaanza kuniita mkwe kwa ajili ya kijana wake. Wahenga walisema lisemwalo lipo, kama halipo laja. Hili langu halikuwapo wala halikuwa njiani, lakini nilinyamaza. Kusema kweli kuna siku nilifurahi kusikia kwamba anaendelea vizuri.

Basi mwaka jana akaja Kiplimo. Alikuwa kijana wa kandarasi ya miezi mitatu, amevaa jaketi la kung'aa lililomzidi mabega, na mkononi ana tablet. Jiji lilitaka kila nyumba iwe na anwani. Kwa kuwa barabara zetu nyingi hazina majina, iliamuliwa nyumba zipimwe kutoka kwenye alama inayojulikana na kila mtu. Kiplimo alipita lango kwa lango akiuliza alama ya karibu ni ipi. Malango sabini na matatu yalimpa jibu moja. Aliniambia baadaye kwamba alikuwa akitarajia kukuta supamaketi. Alinikuta mimi, nimekalia ndoo, natenganisha spinachi.

Alikuwa kijana mwenye adabu, na mimi nasema adabu hiyo ndiyo iliyotuponza. Mtu mkorofi angeniambia wazi kwamba sifai kuwa alama. Kiplimo alichuchumaa akauliza kwa upole.

"Mama, unakaa hapa?"

"Nakaa hapa," nikasema.

Sasa kwetu kukaa ni kuketi, kukaa ni kuishi, na kukaa ni kubaki mahali. Mimi nilimaanisha ndoo. Yeye akabonyeza: alama ya kudumu.

Fomu ile haikumruhusu mtu kusonga mbele mpaka ajaze kila mahali. Ilitaka aina ya alama, na aina zilikuwa jengo, mnara, mti, mwamba, sanamu au nyingine. "Nyingine" ilihitaji idhini ya msimamizi, na msimamizi alikuwa kwenye semina Naivasha na simu yake imezimwa. Kiplimo alinitazama, akaitazama orodha, akanitazama tena. Akasema kati ya hizo zote sanamu ndiyo iliyo karibu na mtu. Ikataka kimo; akanipima kwa fimbo ya kushikizia nyanya, mita moja nukta tano nane. Ikataka mwaka wa kujengwa, nikampa 1971. Ikataka nyenzo, yaani kama nimejengwa kwa mawe, mbao, chuma au saruji, na hapo akachagua mchanganyiko. Mwisho ikataka hali. Nikaona kidole chake kinaelekea "ya wastani". Nikamwambia kwamba ana bahati sana leo, kuna miche minne ya matunda damu inayotafuta mwenyewe. Akaandika "nzuri".

Kabla ya kuondoka aliomba simu yangu, akabonyeza hapa na pale. Alieleza kwamba kuanzia sasa alama itakuwa ikijithibitisha yenyewe mahali ilipo kupitia simu hiyo. Nilimshukuru. Sikujua ninashukuru nini.

Aliyenifungulia macho ni Collins Aloo, kijana wa bodaboda aliye na diploma ya kompyuta na ambaye stendi yake iko mbele ya miche yangu. Siku moja alikuja mbio na simu, akanisomea kwamba niko kwenye tovuti ya data ya jiji, ile iliyo wazi kwa kila mtu. ALM-0417, Mama Shiko, sanamu, mchanganyiko, hali nzuri. Nilimuuliza nani atasoma huo upuuzi. Collins akacheka. Akasema wanaosoma si watu.

"Mama, kuna kitu inaitwa API," akaniambia. "Chukulia ni dirisha kwa ukuta ya ofisi. App zote za town zinakuja hapo zinauliza, Mama Shiko ako wapi? Dirisha inajibu. Haichoki, haiendi lunch, haikuambii urudi kesho. Ya gas inauliza, ya chakula inauliza, ya maji, hata ambulance. So ukisonga wewe, sote tumesonga."

Hilo la mwisho nililisikia likapita sikio la pili. Kilichonishika ni kitu kingine. Collins aliweka simu kwenye pikipiki, akaenda hadi kona akarudi, na sauti ya mwanamke ndani ya simu ikasema kwa lafudhi safi: umefika kwa Mama Shiko. Nilimwambia arudie. Alirudia mara tatu, na mara ya nne nikamlipia mafuta.

Matatizo yalianza kidogo kidogo. Mwanzo alikuja fundi na brashi ya waya na mkebe wa rangi ya shaba. Alikuwa na karatasi inayosema ALM-0417 ipigwe msasa na ipakwe rangi kabla ya sikukuu. Nilimwambia kwamba ALM-0417 ni mimi. Akazunguka nyuma yangu akaangalia, akarudi mbele, akasema kwa unyonge kwamba yeye hulipwa kwa kazi iliyokamilika. Tukabishana. Mwishowe nikamruhusu apake ndoo. Aliandika kwenye karatasi yake: sehemu ya chini imekamilika, sehemu ya juu imekataa.

Baada ya wiki moja wakaja wanafunzi arubaini wa darasa la tano pamoja na mwalimu wao, kwa somo la kuchora sanamu za jiji. Nilimweleza mwalimu. Alinielewa kabisa, akaomba radhi, kisha akasema watoto wameshalipia basi. Nikasimama dakika arubaini na tano na kopo la kumwagilia mkononi. Mwalimu aliniomba nisipepese macho sana. Mtoto mmoja aliandika chini ya mchoro wake kwamba huyu ni shujaa aliyeleta mboga Eldoret.

Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni. Firauni wangu alikuwa Timboroa.

Nilienda huko Jumanne moja kununua miche ya mianzi kwenye kitalu kilicho kando ya msitu. Ni zaidi ya kilomita hamsini kutoka nyumbani, na baridi yake haimheshimu mtu. Nikiwa bado napatana bei na mwenye kitalu, tukaona pikipiki inakatiza katikati ya shamba la jirani yake, imebeba mtungi wa gesi. Ikafika katikati ya mistari ya viazi ikasimama. Kijana akashuka, akatazama simu, akatazama viazi, akapiga hodi. Sikudanganyi. Alipiga hodi hewani.

Hakuchukua muda akaja daktari wa mifugo na mbegu ya fahali ndani ya chupa ya barafu. Alikuwa ameitwa kwa ng'ombe wa Mwalimu Kipyego, mwenyekiti wa mtaa wetu, ambaye lango lake kwenye data liko mita 140 mashariki ya Mama Shiko. Daktari alihesabu mita 140 mashariki yangu, akasimama pale kwenye viazi na glavu ya plastiki iliyofika begani, akawa anawauliza wavunaji ni ng'ombe yupi aliye tayari. Nyuma yake wakaja wanawake wawili na keki ya mtoto. Walikuwa wameambiwa mita 60 kaskazini, na huko kulikuwa na shimo, lakini simu iliwaambia wamefika.

Sipendi mashamba ya viazi, na sababu unaijua. Kuwaona watu wale wamesimama kila mmoja mahali pake, wakitafuta malango ambayo hayapo katikati ya mistari iliyonyooka, kulinifanya niketi chini juu ya mianzi yangu. Niliwahi kusimama hivyo mimi pia. Mwenye kitalu alidhani ni baridi akaniletea uji.

Niliporudi, ng'ombe wa Mwalimu Kipyego alikuwa bado anangoja. Jioni hiyo hiyo wakaniita kwenye mkutano wa mtaa, wote sabini na watatu, na hakuna aliyekuwa na hasira, jambo lililonitisha zaidi. Waliniomba nisiondoke. Walinipa mwavuli mkubwa na kiti chenye mgongo. Mchungaji alikubali niwe nikisikiliza ibada kwa spika iliyoelekezwa upande wangu. Kuhusu choo kulikuwa na mjadala mrefu, kwa sababu choo ninachotumia kiko ng'ambo ya barabara, na kila nikienda mtaa wote huhama mita arubaini. Gari la maji lilikuwa limeshajaza tangi la jirani mara mbili.

Ndiyo, najua unachofikiria. Collins pia alifikiria hivyo, ingawa ilimchukua wiki tatu: kwa nini Mama asiache simu kwenye kiti? Mwalimu Kipyego akasimama akasema hilo ni hatari. Simu ikiibwa, alisema, Pioneer nzima itauzwa shilingi elfu mbili mjini. Watu wakaguna kwa hofu. Wakaamua choo nikiende kwa saa maalumu, na ratiba ibandikwe dukani kwa Mama Nanzala.

Ningeweza kukataa. Ningeweza kwenda katika hiyo ofisi ya data niwaambie mimi si sanamu, wanifute. Sikwenda, na usinicheke. Kila gari lililopita, sauti ile ilikuwa ikilitaja jina la mtoto wangu kwa Kiswahili kizuri kuliko cha mtu yeyote pale. Kwa ajili ya hilo ningekaa kwenye kiti hadi nipate mizizi.

Halafu watu wa jiji wakaamua kusafisha data.

Tangazo lilitokea kwenye tovuti, Collins akanisomea. Data ya alama ingetolewa upya, toleo la pili, na majina ya watu yangeondolewa kwa sababu sheria hairuhusu jina la mtu kuanikwa bila ruhusa yake. Kwa majaribio walianza na Pioneer. ALM-0417 ingeitwa Makutano PNR-C.

Asubuhi ya majaribio sauti ya mwanamke ikasema umefika Makutano pi-en-ar si. Nilidhani nimesikia vibaya. Ikapita ya pili, ikapita ya kumi. Adhuhuri abiria mmoja akamwambia mwenzake kwa simu ashukie PNR-C, alisema hivyo kwa mdomo wake, mtu niliyemuuzia sukuma miaka sita. Siku ya tatu vijana wa bodaboda wakaanza kunitania, Mama PNR. Wao ni watani wangu na sikuwahi kuwakasirikia, lakini siku hiyo niliwamwagia kopo zima la maji, na wakashangaa kuona nalia. Niliona jinsi mambo yatakavyokwenda. Wiki mbili, mwezi mmoja, na jina lile litakuwa limetoka midomoni mwao. Mtoto wangu angekufa mara ya pili, na safari hii kwa mtandao.

Nikakunja mwavuli. Nikamwambia Collins anipeleke mjini, na Pioneer ihamie inakotaka.

Ofisi iko orofa ya tatu. Bibi anayesimamia data anaitwa Chebet, mwanamke wa makamo mwenye miwani shingoni, na alipojua mimi ni nani alisimama. Alinishika mkono kwa mikono miwili. Alisema katika alama zote za jiji mimi ndiye niliyeulizwa zaidi, mara elfu tisa kwa siku, kuliko jengo lolote. Nikamwambia asante, lakini nimekuja kwa jina langu, alirudishe. Ruhusa ninatoa, hapa nilipo, kwa kidole au kwa kalamu, achague mwenyewe.

Alifungua kompyuta akasoma kwa muda mrefu. Kisha akavua miwani, na nikaona ana huruma ya kweli, na hiyo huwa dalili mbaya ofisini.

"Mama, wewe ukikubali ni sawa," alisema. "Shida ni jina si yako. Yako ni Waithira, naiona hapa kwa ID. Hii ingine ni ya Shiko. Yeye ndiye anafaa kusaini. Ako na miaka ishirini na kitu, si ndio?"

Collins, ambaye alikuwa amekaa karibu yangu na helmeti magotini, akaingilia kwa furaha. Alimwambia hiyo ni kazi rahisi, Shiko yuko Poland, anasomea udaktari, atumiwe fomu kwa email na jibu litarudi leo leo. Huyu kijana ndiye niliyemsikia mwaka juzi akimwambia abiria kwamba Shiko atakuwa daktari wa moyo. Chebet akaweka vidole tayari. Akaniuliza email yake.

Niliangalia dirisha. Nje walikuwa wanapakia magunia ya mbolea kwenye lori. Nikawaza nitoe email yoyote, ya mpwa wangu, ya mtu yeyote; mtu asaini, mambo yaishe. Miaka hii kumi na tano nimebeba kimya changu vizuri na hakijamdhuru mtu. Nilijua pia kwamba nikitoa sahihi ya uongo, kuanzia siku hiyo jina litakalosemwa barabarani litakuwa la huyo msichana wa Poland. Yule wangu wa miaka sita angekuwa hana pa kuwa.

"Shiko alikufa," nikasema. "Akiwa na miaka sita."

Ilikuwa mara yangu ya kwanza kulisema neno hilo Eldoret. Liliingia chumbani likakaa. Helmeti ya Collins ikaanguka ikazunguka sakafuni, na hakuna aliyeinama kuiokota mpaka iliponyamaza yenyewe.

Chebet aliondoa mikono kwenye kompyuta, akaja upande wangu wa meza, akaketi kwenye kiti cha wageni. Akanipa pole. Aliniuliza nina watoto wengine, nikasema sina. Akaniuliza amelala wapi, nikamweleza kuhusu viazi. Tukakaa hivyo, watu wawili wenye umri mmoja, na Collins ameuelekeza uso ukutani.

Kisha, kwa sauti ya chini, kana kwamba anaona aibu kwa niaba ya sheria yenyewe, alinieleza. Sheria ile inawalinda walio hai. Ruhusa ya marehemu haihitajiki. Alisema hawezi kuandika Mama Shiko, kwa sababu huyo ni mimi na mimi ninapumua na kwenda chooni. Lakini anaweza kuandika Kwa Shiko. Alama itakuwa mahali penyewe, haitasonga, na mimi niende nitakako.

Aliniomba jina kamili. Wanjiku wa Wanjohi, nikasema, maana Shiko ni kifupi cha Wanjiku, na nikamwona akiliandika, herufi kwa herufi. Halijaandikwa popote tangu kibali cha mazishi. Akafika mahali panapotaka maelezo ya jina, sababu ya alama kuitwa hivyo. Akasema kwa kawaida hapo huandikwa gavana wa zamani au mwanariadha.

"Niandike alikuwa nani, Mama?"

"Andika alikuwa mtoto wangu."

Akaandika.

Njiani Collins aliendesha polepole kama aliyebeba mayai. Aliapa hatamwambia mtu, na nadhani alikusudia kutimiza. Lakini dirisha lile la ofisi haliapi. Siku ya tatu, saa nne asubuhi, simu sabini na tatu zilitoa mlio kwa pamoja mtaani Pioneer. Zilisema: anwani yako imebadilika. Wewe uko mita kadhaa kutoka Kwa Shiko. Jina la marehemu. Maelezo: alikuwa mtoto wa muuza miche. Chebet alikuwa amebadilisha neno "wangu" ili watu wajue ni wa nani.

Nilikuwa nimekalia ndoo yangu ya rangi ya shaba. Nikaona milango inafunguliwa. Mtu anatoka na simu mkononi, anatazama upande wangu, anarudi ndani. Niliwaza miaka yote ile waliyonipa salamu nimpelekee. Kanisani walimwombea mitihani, nami niliitikia amina.

Wa kwanza kufika alikuwa Mama Nanzala, na aprani yake bado ina unga. Alisimama mbele yangu. Alisema nimemwacha amtafutie kijana wake mchumba katika wafu. Alisema mimi ni mwanamke mbaya, kwamba mtu hafanyi hivyo kwa majirani, kwamba alikuwa ameshaweka shuka mbili kwa ajili ya yule msichana. Nikasema ni kweli yote. Akaendelea kunigombeza, kisha akaketi chini katikati ya miche ya spinachi, akalia. Alimlilia Shiko wa Poland, najua. Lakini ndiye aliyekuwa wa kwanza kumlilia Shiko pamoja nami, na nililia naye.

Wakaja wengine. Wenyewe hawakujua kwenye msiba wa miaka kumi na tano mtu huja na nini, kwa hiyo walikuja na vile wanavyokuja navyo siku zote, sukari, unga, majani ya chai, maziwa kwenye mtungi. Mwalimu Kipyego alivaa koti la mazishi. Mchungaji alifika na spika. Walikalia ndoo, mawe, na kile kiti changu chenye mgongo, hadi kando ya lami, na magari yakawa yanapunguza mwendo. Hakuna aliyejua aseme nini juu ya mtoto ambaye hakumwona. Walijua tu habari za yule waliyemtunga, na hizo hazikufaa tena.

Ndipo Mama Nanzala akajipangusa, akaniuliza huyo wako alikuwa mtoto wa namna gani.

Nikawaambia. Alikuwa mtundu. Alikuwa hawezi kusema herufi r, akiitaka barua ya shule anasema balua. Alikuwa na meno mawili yameng'oka mbele na alikuwa anatoa maji kupitia lile pengo, umbali ungeshangaa. Alikuwa akiogopa bata. Niliongea sana, sijui nilichukua muda gani, mambo ambayo nilidhani yamezikwa chini ya viazi. Walicheka kwenye bata. Collins alicheka huku anafuta macho kwa glavu.

Tukiwa bado hapo likaja gari la gesi kutoka mjini, dereva mgeni, kijana, simu imebandikwa kiooni. Tulisikia sauti ya yule mwanamke kabla ya kumwona dereva. Alisimama, akatazama umati ule uliokaa ndani ya mboga, akashusha kioo kwa wasiwasi.

"Samahani," alisema. "Hapa ndio kwa Shiko?"

Watu wote wakanigeukia. Nikainuka, goti likalia, nikajipangusa udongo.

"Ndio hapa," nikamwambia. "Ndio kwao. Mimi ni mama yake."